Risasi na zebaki ndani ya chembe nyekundu za damu: maswali tunayoulizwa dirishani

Mimi ni mtu wa maabara hapa Dar es Salaam. Natoa damu, nabandika lebo, nasoma majibu. Maswali haya nimeyaokota dirishani kwa miaka kadhaa: kwa mafundi betri, kwa welda, kwa wajawazito, na kwa wanafunzi walio mafunzoni, ambao huuliza kwa sauti ya chini wakihofia kuonekana hawajui. Sikuyapanga kama kitabu. Soma lile linalokuhusu.

Madini mazito ni yapi? Chuma cha kwenye damu nacho kimo?

Hapana. Chuma, zinki na shaba mwili unavihitaji, ila kwa kipimo. Tunaoshughulika nao hapa ni risasi, zebaki, kadimi na aseniki, ambazo hazina kazi yoyote ya maana mwilini mwa binadamu. Wanakemia watakwambia aseniki si metali kamili. Ni kweli, lakini kwa tabia yake ya sumu imehesabiwa na wenzake.

Na risasi ninayoisema ni ile metali laini ya kijivu iliyomo kwenye betri za magari na kwenye chubwi za wavuvi. Nasisitiza hili kwa sababu mzee mmoja alishawahi kukataa kunyoosha mkono. Alisema yeye tangu azaliwe hajapigwa risasi, sasa mnampima ya nini?

Yakiingia kwenye damu hukaa wapi?

Acha damu itulie kwenye chupa uone. Juu hubaki maji ya manjano hafifu, chini hulala tope jekundu. Karibu risasi yote iliyomo kwenye damu, kama asilimia 99, iko kwenye lile tope, yaani ndani ya chembe nyekundu. Zebaki inayotokana na kula samaki nayo, zaidi ya asilimia 90 yake imo humo humo. Kadimi pia nyingi iko ndani ya chembe. Zebaki ya aina nyingine, ile chumvichumvi isiyo ya samaki, hugawanyika karibu nusu kwa nusu.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "nina sumu inazunguka kwenye damu", mwambie haizunguki peke yake. Imepanda chombo.

Kwa nini ipande chembe nyekundu na si kitu kingine?

Kuna mlango na kuna kiti.

Tuanze na mlango. Kwenye ukuta wa chembe nyekundu kuna protini ambayo kazi yake ni kubadilishana bikaboneti na kloraidi. Ni sehemu ya safari ya kaboni dioksidi kutoka kwenye nyama hadi mapafuni. Risasi hujishikiza kwenye kaboneti na kupita mlango huo huo, kama mtu anayepanda mwendokasi kwa kadi ya mwenzake: geti linasoma kadi, halisomi sura.

Kiti ni salfa. Protini zimejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi, na kimoja kati ya hivyo, sisteini, kina salfa kwenye ncha yake. Risasi, zebaki, kadimi na aseniki zote huing'ang'ania salfa. Hata ardhini ni hivyo. Jiwe linaloyeyushwa ili kupata risasi ni risasi iliyofungamana na salfa, na jiwe jekundu la zebaki ni zebaki na salfa. Zikifika mwilini zinamtafuta mwenzi yule yule waliyekuwa naye mwambani.

Sasa chembe moja nyekundu ina molekuli za himoglobini kama milioni 270, na kila moja ina sisteini sita. Juu ya hizo kuna glutathioni, molekuli ndogo ya kujilinda, nayo ina salfa. Kwa metali ya namna hii, hapo ni nyumbani.

Risasi inashika molekuli gani hasa? Himoglobini?

Ndivyo ilivyodhaniwa kwa muda mrefu, na ilikuwa dhana ya busara kwa sababu himoglobini ndiyo iliyojaa. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu walipasua chembe, wakatenganisha protini zake kwa ukubwa, kisha wakapima risasi imekwenda na kundi lipi. Sehemu kubwa haikuwa kwenye himoglobini. Ilikuwa kwenye protini ambayo ni chache sana ukiilinganisha nayo: kimeng'enya kinachofupishwa kwa jina la ALAD.

ALAD ni fundi wa hatua ya pili katika utengenezaji wa hemu, ule moyo wa himoglobini wenye chuma unaobeba oksijeni. Kinachukua molekuli mbili za malighafi iitwayo ALA na kuziunga kuwa moja. Kimejengwa kwa vipande vinane vilivyokaa pamoja kama pete, na penye kazi yenyewe kuna zinki iliyoshikwa na sisteini tatu, yaani salfa tatu. Zinki hukaa pale vizuri. Risasi hukaa vizuri zaidi. Ikija, zinki inatoka na risasi inakalia kiti, ila haijui kazi. Umeme upo, mashine ipo, malighafi ipo, ila aliyekaa si fundi.

Utendaji wa ALAD huanza kushuka hata risasi ikiwa chini ya mikrogramu 10 kwa desilita moja ya damu, wakati mwenye damu hajisikii chochote. ALA isiyoungwa inarundikana. Nyingine hutoka na mkojo, na nyingine inaaminika kuchangia madhara kwenye mishipa ya fahamu.

Kuna watu wawili wengine wanaoguswa. Mmoja ni kimeng'enya cha hatua ya mwisho, ferokelatesi, anayetia chuma ndani ya hemu. Akizuiwa, pete ya hemu inayosubiri chuma hutiwa zinki badala yake, na chembe huzaliwa ikiwa na zinki protopofirini. Kitu hicho hubaki ndani yake maisha yake yote, kama siku 120, na maabara zenye kifaa huweza kukisoma. Mwingine ni kimeng'enya kinachosaidia kufagia mabaki ya RNA, yaani nakala za maelekezo ya kutengeneza protini, kwenye chembe changa. Huyo nitamrudia kwenye swali la slaidi.

Kama imefungwa kwenye kiti hicho, si afadhali? Si imedhibitiwa?

Swali hili aliuliza mwanafunzi mmoja na nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, maana lina ukweli ndani yake.

Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitokondria, na haitengenezi hemu tena. ALAD iliyomo ndani yake ni vifaa vilivyobaki baada ya kiwanda kufungwa. Risasi inayokalia ALAD hiyo haimzuii mtu yeyote kazi. Kwa maana hiyo chembe iliyokomaa ni kama ghala.

Lakini ghala halina kufuli. Risasi inashika na kuachia, na ile chini ya asilimia moja iliyo kwenye maji ya damu ndiyo inayofika ubongoni, kwenye figo na kwenye mifupa. Ikitoka hapo, ya ghalani inashuka kujaza pengo. Chembe ikizeeka na kuvunjwavunjwa, mzigo wake unabaki mwilini ukitafuta pa kwenda. Na kule kwenye uboho wa mifupa, chembe zinakotengenezwa, ALAD iko kazini kwelikweli. Huko kiti kikikaliwa hasara inaonekana.

Kuna watu waliozaliwa na ALAD ya aina tofauti kidogo, inayoishika risasi kwa nguvu zaidi. Watu wawili wanaweza kufanya kazi karakana moja, mmoja akaonekana na risasi nyingi kwenye damu kuliko mwenzake kwa sababu hiyo. Namba kubwa si lazima iwe ushahidi kwamba hanawi mikono.

Na zebaki?

Zebaki tuitenge kwa aina, maana hapa watu huchanganya kila siku.

Ya samaki inaitwa methili zebaki. Hii ndiyo inayoipenda himoglobini, kwenye sisteini zake, na vilevile glutathioni. Kinachoitofautisha na risasi ni wepesi. Inashika salfa kwa nguvu, lakini inahama kutoka salfa moja hadi nyingine haraka. Ikijishikiza kwenye sisteini iliyo huru, umbo lake linafanana na methionini, amino asidi ya kawaida inayotakiwa ubongoni, na mlango wa ubongo unaipitisha. Ndiyo maana tunamhofia zaidi mtoto aliye tumboni. Hii haimaanishi mjamzito aache samaki, tafadhali. Dagaa wana zebaki kidogo na faida nyingi. Wa kupunguza ni wale wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi: papa, nduaro, na nguru wakubwa. Ukiwa Feri, pale soko la samaki, umri na ukubwa wa samaki ni muhimu kuliko ung'avu wa macho yake, kwa jambo hili.

Ya mvuke ni ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu. Huku Dar hatuchimbi, lakini tunapata watu waliotoka Geita au Chunya. Mvuke unapita mapafu kirahisi. Ndani ya chembe nyekundu kimeng'enya kiitwacho katalesi huubadilisha kuwa zebaki yenye chaji, ambayo hushika salfa palepale. Shida ni kwamba damu haichukui muda kutoka mapafuni hadi ubongoni, na mvuke ambao haujabadilishwa unapenya. Mtu huyu hupimwa zaidi kwa mkojo.

Ya tatu ni ya mkorogo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zimekutwa na chumvi za zebaki. Hii huumiza figo zaidi. Dada, ukija kupima figo, tuambie unapaka nini. Hatutakusema.

Kadimi, aseniki na kromu?

Kadimi hushikwa na himoglobini na pia metalothioneini, protini ndogo iliyosheheni sisteini. Baadaye hujikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka mingi. Wavuta sigara wanayo zaidi ya wengine.

Aseniki kwa binadamu haikai sana kwenye damu, kwa hiyo tunapima mkojo. Kwa panya wa maabara ni tofauti kabisa: himoglobini ya panya ina sisteini ya ziada mahali pazuri, na aseniki hung'ang'ania hapo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana majaribio ya aseniki kwa panya yasomwe kwa tahadhari.

Kromu ya aina ya sita hupita mlango ule ule wa risasi, ikifika ndani inageuzwa kuwa ya tatu na kunasa kwenye himoglobini. Hospitali ziliigeuza tabia hiyo kuwa faida: kromu yenye mnunurisho, kwa kiasi kidogo sana, ilitumika kuzitia alama chembe nyekundu ili kujua zinaishi siku ngapi.

Kwa nini mnakataa sampuli ya maji ya damu?

Kwa sababu niliwahi kuaibika.

Nilikuwa mgeni kazini, mahali ambapo sitapataja. Ililetwa damu ya kijana wa kuyeyusha betri chakavu, amekonda, tumbo linamkata, choo hakipatikani. Nikaichukua kama ninavyochukua damu zote za kemia: chupa nyekundu, mashine ya kuzungusha, dakika kumi, nikanyonya maji ya juu na kuyatuma. Tope jekundu nikalitupa. Jibu likarudi kwamba risasi haionekani. Daktari akaanza kutafuta vidonda vya tumbo.

Aliyenishtua ni fundi mwandamizi, mama mmoja mpole. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo uliyoitupa ilikuwa na nini?" Tulimwita yule kijana tena, tukachukua damu nzima kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, tukaigeuzageuza isigande. Jibu la pili sikuhitaji miwani kulisoma.

Basi: damu nzima, isiyoganda, isiyozungushwa. Na fomu iandikwe kazi ya mgonjwa.

Kipimo cha kidole kinatosha?

Cha kuanzia, ndiyo. Tone la damu huchanganywa na maji yenye tindikali hafifu ambayo hupasua chembe, ndipo risasi inaachia viti vyake na kusomeka. Utaiona damu ikibadilika kutoka nyekundu hadi kahawia ndani ya kichupa. Ikiwa bado nyekundu, haijakomaa. Jibu hutoka kwa dakika tatu hivi.

Tatizo ni kidole chenyewe. Vumbi la risasi kwenye ngozi ya fundi linaweza kuongeza namba kuliko kilichomo kwenye damu. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sugua, usijifute kwa lile tambara lako la gereji. Namba ikiwa kubwa tunarudia kwa damu ya mshipa.

Slaidi ya malaria inaweza kuonyesha risasi?

Inaweza kudokeza. Kile kimeng'enya cha kufagia RNA kikizuiwa, mabaki hugandamana ndani ya chembe, na ukipaka rangi yanaonekana kama vitone vya bluu vilivyonyunyizwa. Mtu anayetafuta vimelea haraka haraka huvipita. Ila vitone hivyo huonekana pia kwa wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na wakati mwingine selimundu, na mtu anaweza kuwa na risasi nyingi bila vitone hata kimoja. Ukiviona, uliza kazi ya mgonjwa, usitoe hukumu.

Nina upungufu wa damu. Ni risasi?

Kwa Dar, anza na chuma, minyoo, malaria, hedhi nzito na selimundu. Risasi huleta upungufu wa damu ikiwa imepanda sana; kwa kawaida huumiza ubongo wa mtoto kabla ya kumpunguzia damu.

Lakini kuna mzunguko mbaya hapa. Utumbo wenye njaa ya chuma hufungua zaidi mlango wa kunyonya chuma, na risasi hupitia humo. Mwenye upungufu wa chuma ananyonya risasi zaidi. Mjamzito mwenye upungufu huo hutamani udongo, anakwenda gengeni kununua pemba, ule udongo wa kula, na vijiti vya pemba vilivyopimwa katika maeneo ya migodi ya kanda ya ziwa vilikutwa na risasi na aseniki. Wakwe watasema mimba inataka. Mimi nasema nenda kliniki ukachukue vidonge vya chuma, hamu yenyewe mara nyingi inapungua.

Maziwa yanaondoa?

Welda na mafundi rangi wanaamini hivyo kuliko wanavyoamini barakoa. Kalsiamu kwenye chakula hupunguza kiasi cha risasi kinachonyonywa tumboni, hilo kweli. Lakini iliyokwisha kuvutwa na mapafu na kukaa ndani ya chembe, maziwa hayaifikii. Kunywa, ni chakula kizuri. Bosi anayekupa pakiti ya maziwa badala ya barakoa amekupunja.

Kuna dawa ya kuitoa?

Zipo, zinatolewa na daktari hospitalini, na zinafanya kazi kwa kanuni ile ile ya kiti. Dimerkaproli ilitengenezwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili dhidi ya gesi ya sumu yenye aseniki: molekuli ndogo yenye salfa mbili zilizokaribiana, inayoipa metali kiti kizuri kuliko cha kimeng'enya, kisha inatoka nayo. Suksima ni ndugu yake, ya kumeza. EDTA haitumii salfa, na lazima iwe ile iliyotiwa kalsiamu. Ile ya sodiamu pekee hunyang'anya kalsiamu ya mwili, na imeshaua watu.

Zote zina masharti. Dimerkaproli haipewi mwenye methili zebaki, kwa sababu inaweza kuisukumia ubongoni. Chai za "kusafisha damu" zinazouzwa kwenye simu sizijadili. Sijaona yenye salfa mbili.

Na dawa bila kuondoa chanzo ni kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Namba gani ni mbaya?

Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe. Kwa mtoto wa miaka 10 au chini, ikifika 45 apewe dawa ya kuitoa.

Nimeacha kazi ya betri, namba ilishuka halafu ikakwama. Kwa nini?

Ya kwenye damu hupungua nusu kwa mwezi mmoja hivi. Ukiona mteremko mkali mwanzoni, ni hiyo. Lakini kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote ya mwilini iko mifupani, na huko inatoka kwa miongo. Mifupa inaidondosha taratibu na chembe mpya zinaipokea. Ujauzito na kunyonyesha huiharakisha, kwa kuwa mfupa unatoa kalsiamu.

Usiache kuja kupima. Na kama uliajiriwa, ugonjwa unaotokana na kazi una Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri alipaswa kukupima chini ya usimamizi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Tunza majibu yote.

Mimi sifanyi kazi hizo. Mtoto wangu ataipata wapi?

Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo hewa ya barabarani si ile ya zamani. Ninachouliza sasa ni haya. Nani nyumbani anarudi na nguo za kazi? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa fundi betri ni hivyo bila mafumbo: vumbi linatoka kwenye ovaroli, linaingia kwenye mkeka, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa mchanga uliochanganyika na mabaki ya betri. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, bado wanaishi na kilichoachwa na kiwanda cha kuyeyusha betri.

Halafu nauliza: ukuta wa zamani umepigwa msasa? Sufuria ni za kuyeyushwa vyuma chakavu, na mnapikia vitu vichachu kama ukwaju? Wanja anaopakwa mtoto ni wa manga, ule wa jiwe? Baba anayeyusha chubwi jikoni? Mchicha mnanunua wa wapi? Wanakemia walichapisha vipimo vya mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi tangu 1999, na risasi na kadimi zilikuwamo. Kuosha kunaondoa ya vumbi, hakuondoi iliyopandishwa na mizizi.

Nije na nini?

Njoo na mtoto, hakuna haja ya kufunga kula. Mvishe shati la mikono mifupi, safi, si lile alilochezea nje. Ukiweza leta na kile unachokishuku: kipande cha rangi, wanja, kijiti cha pemba, kwenye mfuko uliofungwa. Hatutavipima hapa, tutakuelekeza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini mara nyingi nikiuona tu huo mfuko najua swali la kuanzia.